Funga, Fungua

"Mimi nikiziba masikio haya, nchi nzima inalala gizani, na mkurugenzi wetu ndiye atakayekuwa wa kwanza kutafuta mshumaa!"

Maneno hayo fundi aliyasema hadharani, kwenye maikrofoni, uwanjani mwa kituo cha kufua umeme, siku ya mafunzo ya usalama kazini. Wafanyakazi wote walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, mkurugenzi mbele kabisa na chupa yake ya maji. Afisa wa usalama, dada mmoja mwenye kofia ngumu isiyo na mkwaruzo hata mmoja, alikuwa akipita mstari kwa mstari kugawa vizibo vya masikio, vile vidogo vya sponji ya rangi ya chungwa, jozi moja kila mtu, bure. Fundi aliviangalia kiganjani kama mtu mzima aliyepewa pipi kanisani. Kisha akaomba maikrofoni.

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Mkurugenzi naye alicheka, maana wakurugenzi hucheka wakishaona wengine wanacheka. Afisa wa usalama alisubiri kelele zitulie, akasema, "Baba yangu, sikio la kufa halisikii dawa."

"Hili langu halifi, mwanangu. Hili linalala jicho wazi."

Vicheko vikaanza upya. Tangu siku hiyo akaitwa Sikio, na jina likamkaa kama kofia ya kupimiwa. Vizibo alivipeleka nyumbani mfukoni. Mkewe, fundi cherehani, akavichukua, akavibandika pembeni mwa cherehani yake na kuvichomekea pini. Vilifaa sana kwa kazi hiyo.

Tusimwonee mtu. Majigambo yake hayakuwa hewa tupu. Pale kituoni hakukuwa na mtu aliyeijua mashine kama yeye, na mgeni akija alikuwa hamwachi mpaka amfundishe.

"Umeme wa maji hauna uchawi," alikuwa akianza hivyo, kidole juu. "Maji ya ndoo yakiwa sakafuni hayamtishi mtu. Ndoo hiyo hiyo ikikuangukia kutoka darini, utasimulia. Kwa hiyo mali siyo maji, mali ni kimo."

Ukuta wa bwawa ulikuwa unayazuia maji mpaka yanapanda kimo cha ghorofa kadhaa. Yakishapanda, yanaachiwa kwenye bomba kuu, bomba ambalo lori lingeweza kupita ndani yake, yanaporomoka mpaka chini kwenye chumba cha mitambo. Huko yanakutana na gurudumu la chuma lenye mabapa yaliyopinda. Maji yanasukuma, gurudumu linazunguka. Juu ya gurudumu umesimama mhimili mnene kuliko mtu aliyeshiba, na mhimili unazungusha sumaku kubwa katikati ya koili za nyaya za shaba. Sumaku ikipita mbele ya shaba, umeme unaamka ndani ya waya na kuanza safari. Basi, hadithi imekwisha.

"Na maji yanakwenda wapi?" mgeni angeuliza.

"Yanarudi mtoni. Hayaliwi, hayapungui. Yanatoka yale yale yaliyoingia, ila yamechoka."

Chumba cha mitambo kilikuwa na vipimo ukuta mzima, mishale na taa za kijani, lakini fundi hakuviamini sana. Alikuwa na bisibisi ndefu, mpini wake umevaa utepe mweusi. Ncha aliiegemeza kwenye beringi, pale mhimili unapozungukia, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Chuma kilimletea sauti ya ndani kama umbea. "Vipimo vinakwambia mashine inaumwa," alisema. "Sikio linakwambia mashine inafikiria kuumwa." Kukiwa na vipovu vya hewa vinavyopasukia kwenye mabapa, alisikia mlio kama wa mtu anayetafuna changarawe. "Anakula mawe huyu," angesema, na maji yangepunguzwa kabla chuma hakijachimbika. Mara nyingi alikuwa sahihi, na hapo ndipo ugonjwa ulipojificha. Mtu akiwa sahihi mara nyingi, nani atamshauri?

Nyumbani majigambo yalikutana na ukuta. Mkewe alikuwa mwembamba, sauti nyembamba, ulimi mwembamba kama wembe.

"Ukiulizwa kazi yako unajibu, 'Ninafua umeme.' Mbona humu ndani hujawahi kufua hata soksi?"

"Umeme hauna doa, mke wangu. Soksi zina."

"Na mvaaji wake je?"

Ndoa yao ilikwenda hivyo, kwa kutaniana, kama cherehani inavyokwenda kwa kukanyagwa.

Sasa kuna jambo moja la kituoni ambalo lazima lielezwe, maana bila hilo mengine hayatoshi. Chumba cha mitambo kina kelele kiasi kwamba mtu anaweza kukutukana mbele yako ukamshukuru. Zamani, kabla ya jina la Sikio, mhandisi mkuu aliteremka kwenye shimo la chini kukagua mabomba, akapiga kelele kuelekea juu, "Funga! Funga!" Aliyekuwa juu kwenye vali, ile koki kubwa ya maji, ni fundi mwenzake na Sikio, mmoja anayeitwa Grisi kwa sababu hata siku ya harusi yake alikuwa nayo kwenye kucha. Grisi akasikia "Fungua." Akafungua, kwa moyo mmoja. Mhandisi alipanda ngazi akiwa amelowa mpaka kwenye tai, na kalamu zake zikielea huko nyuma kama bata.

Fundi ndiye aliyetoa dawa. "Kuanzia leo," alisema, "humu ndani hakuna funga, hakuna fungua. Hayo ni maneno pacha, yanachanganya hata mama yao. Mashine inaamshwa na inalazwa. Vali inaamshwa na inalazwa. Atakayesema lingine anunue chai ya zamu nzima."

Ikawa sheria. Fundi akaizoea mpaka akaibeba nyumbani. "Laza mlango, mbu wanaingia." "Amsha hiyo redio." Mkewe aliipokea kwa dhihaka, baadaye ikawa lugha ya nyumba. Binti yao wa pekee alipoanza shule, alimwambia mwalimu aamshe dirisha, na darasa zima likamcheka.

Masikio ya fundi yalianza kufa taratibu, na yalianzia mahali ambapo yeye hakuwa anaangalia. Kelele ya mitambo ni mlafi mwenye mpangilio: inaanza kula sauti nyembamba, nzito inaziweka kiporo. Ndege walikwenda kwanza, kisha kengele ya baiskeli, kisha herufi zote za kupuliza, akina s na f na sh. Mashine, yenye sauti nzito, aliendelea kuisikia vilevile. Kwa hiyo aliamini masikio yake ni mazima, ila watu siku hizi wamejifunza kunong'ona.

"Niletee pasi," mkewe alisema, na fundi akaleta maji.

"Nimesema pasi."

"Si hayo hapo? Kunywa."

Siku nyingine mkewe alimtuma sokoni. "Ukipita, ninunulie nyuzi nyeusi."

Fundi alisimama mlangoni muda mrefu. Akarudi, akaketi, akashusha sauti. "Mke wangu, mbuzi mweusi wa nini? Umeanza mambo ya waganga?"

Mkewe alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kilikuwa kicheko chake cha peke yake, cha mabega, kisichotoa sauti kubwa. Siku hiyo alicheka kweli. Zilipokuja siku nyingine za namna hiyo, alicheka kidogo, halafu akawa anatabasamu, halafu akawa anakwenda kuchukua pasi mwenyewe.

Fundi alijua. Aibu ndiyo iliyomzuia kujua kwa sauti. Angekubali vipi, na jina lenyewe ni Sikio? Akabuni mbinu. Mtu akiongea, alitazama midomo. Midomo isipotosha, alijibu "Ndiyo kabisa," jibu linalofaa kwa mambo mengi, ingawa siyo yote: jirani mmoja alimweleza kwamba amefiwa na kaka yake, naye akamshika mkono akamwambia, "Hongera sana." Kituoni walipopimwa masikio, alimtazama nesi kiwiko. Kiwiko kikisogea, kitufe kimebonyezwa, fundi ananyoosha kidole. Alifaulu vizuri kuliko vijana.

Binti ndiye aliyeona njia. Alijifunza kuongea na baba yake kwa sauti nzito, ya besi, kama mlinzi wa geti. Wageni walishtuka kumsikia msichana mdogo akinguruma, "Baba, chakula tayari." Lakini baba alisikia. Mama hakuweza. Koo lake lilikuwa lile lile moja, jembamba, na akijaribu kunguruma alikohoa.

Jioni moja mkewe alisimamisha cherehani katikati ya mshono. "Vaa vile vitu," alisema.

"Vitu gani?"

Akavigusa, na pini zake. "Hivi."

"Nikivaa hivyo nitaisikiaje mashine?"

"Na usipovaa, mimi utanisikiaje?"

Alikuwa ameinama kutafuta uzi, midomo haikuonekana.

"Ndiyo kabisa," fundi alimjibu.

Miaka ikaenda. Binti alisomea ufundi, akachukuliwa kituoni kama mwanafunzi wa kazi, zamu ya mchana, chini ya Grisi. Mwaka huo huo mama yake alianza kuvimba miguu. Pedali ya cherehani ikawa nzito kwake. Usiku alilala ameketi.

Daktari alikuwa mwanamume mwenye sauti nzito, kwa hiyo fundi hakupoteza hata neno, na huenda siku hiyo angependa kupoteza.

"Moyo umechoka kusukuma. Maji yanajaa kwenye mapafu."

"Yanaingia, hayatoki?"

"Ndiyo hivyo, mzee."

"Basi pampu ndiyo mbovu."

"Ndiyo, mzee. Na pampu hii haina spea."

Walimrudisha nyumbani na vidonge vya kumpunguzia maji. Fundi aliomba likizo. Kitanda kilihamishiwa chumba cha kushonea, kwa kuwa dirisha la huko lilikuwa pana, la mabawa mawili ya mbao, likitazama uwazi. Fundi alimpanga mito mgongoni kwa ufundi wote alionao, akihesabu mwinamo kama anayelaza bomba. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa anayaamuru maji yapite hapa na yasipite pale, sasa aliketi kwenye kigoda akiyaangalia yakipanda ndani ya mkewe, na hapakuwa na vali.

Alitaka kitu kimoja tu: kumhudumia bila kukosea. Alijiambia hivyo kila asubuhi. Mengine yote mkewe aliyaomba kwa miaka na akaletewa maji badala ya pasi. Haya ya mwisho, angalau, ayapate kama alivyoyaomba.

Siku hiyo binti alimuaga mama yake kabla ya kwenda zamu. Fundi aliwaona wakiongea, vichwa vimekaribiana, kisha binti akalisukuma dirisha mpaka mwisho, akatoka. Fundi hakuuliza walichosema. Kuuliza kungekuwa kukiri.

Alasiri upepo ulianza kuvuma kutoka upande wa bwawa. Ulisukuma bawa moja la dirisha likajirudi nusu, na pazia likawa linampiga mkewe usoni. Akaamka. Akanyanyua mkono, vidole viwili, kuelekea dirishani. Midomo yake ikasogea.

Fundi aliinama mbele, akaitazama ile midomo kwa nguvu zake zote. Ilikuwa imekauka, imepasuka pembeni. Ilijikusanya kidogo, ikaachana.

Funga.

"Baridi, eh? Nafunga sasa hivi, mama."

Aliinuka haraka, akayavuta mabawa yote mawili, akatia komeo. Akashusha na pazia, akazisukumia ncha zake chini ya godoro ili upepo usipate hata ufa. Kazi safi, ya mtu wa fani. Akageuka kutazama kama mkewe ameridhika.

Mkewe alikuwa akimwangalia. Midomo ikasogea tena, polepole zaidi.

"Nimefunga," fundi alimwambia. "Nimefunga vizuri. Haingii hata mbu."

Kifua cha mkewe kilikuwa kinapanda na kushuka kama cha mtu anayepanda mlima. Alimtazama mumewe kwa kitambo. Halafu mabega yakatikisika, mara mbili hivi. Kilikuwa kile kicheko cha siku ya mbuzi mweusi. Akapapasa godoro pembeni yake. Fundi akaketi. Mkewe akamshika mkono, na fundi akadhani anashukuriwa.

Wakakaa hivyo kwenye mwanga hafifu wa pazia. Baadaye macho ya mkewe yalipofumba, fundi alifanya jambo alilolijua kuliko yote. Aliinama, akaweka sikio kifuani kwake. Mluzi wa pumzi hakuusikia. Vile vipovu vidogo ambavyo daktari alivisikia kwa mpira wake, hakuvisikia pia, vilikuwa vyembamba mno. Alisikia moyo peke yake, kwa kuwa moyo una sauti nzito, na nzito zilikuwa bado hazijaliwa. Ulikwenda. Ukapunguza. Ukakaa, ukaenda tena, kama mashine inayolazwa na fundi mwenye mkono mwepesi. Halafu ukanyamaza.

Hilo alilisikia vizuri sana.

Binti alirudi kutoka zamu, akasimama mlangoni na kofia yake ngumu kwapani. Alimwona mama yake, akamwona baba yake. Alilia kwanza, muda mrefu, kwa sauti yake mwenyewe nyembamba ambayo baba yake aliiona tu usoni. Kisha akainua kichwa, akatazama pazia, na ile sauti ya besi ikatoka.

"Nani kafunga dirisha?"

"Mimi. Aliomba."

"Aliomba lifungwe?"

"Aliniambia, funga. Akaniambia mara ya pili."

Binti alifuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Baba, asubuhi aliniambia nisilifunge kwa lolote. Alisema hewa ikimpiga usoni, hahisi kama anazama."

Fundi hakujibu "Ndiyo kabisa." Aliketi akaisogeza midomo yake mwenyewe, bila sauti, kama mtoto anayejifunza kusoma. Funga. Fungua. Funga. Fungua. Tofauti yote ni mdomo kuviringika mara ya pili, na mgonjwa hana nguvu ya kuviringisha mdomo mara mbili. Maneno pacha, yanachanganya hata mama yao. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyapiga marufuku. Miaka yote mkewe alisema "amsha dirisha" kwa dhihaka, akilamba uzi kati ya midomo, na angesema "amsha" siku hiyo, fundi angeelewa hata akiwa chumba cha pili, kwa kuwa neno "amsha" linaanza na mdomo wazi kabisa. Lakini utani unataka pumzi. Mkewe alikuwa amebakiwa na pumzi ya neno la kawaida tu, lile analosema kila mtu.

Nesi aliyekuja kuandika cheti cha kifo alimwambia dirisha halikumuua. Alimwambia mara mbili, kwa sauti kubwa, mdomo ukitazamana naye. "Nimekusikia," fundi alisema. Kuuawa hakukuwa swali lake.

Walimzika. Watu walikuja, wakamwambia mengi, akawashika mikono bila kujibu kitu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeona ajabu.

Aliporudi kazini alikuta Grisi anamsubiri mlangoni mwa chumba cha mitambo, meno yote nje, akitafuta namna ya kumchangamsha mfiwa.

"Damu haipotei, ndugu yangu!" Grisi alimpigia kelele sikioni. "Njoo uone! Sikio Mdogo!"

Binti alikuwa amepiga magoti kando ya beringi. Ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini wenye utepe mweusi sikioni, macho yamefumba. Sikio la pili lilikuwa wazi, tupu, limegeukia kelele yote ya chumba kile. Akafumbua macho, akamwona baba yake, akacheka. Akanguruma, "Baba! Anakula mawe! Nimemsikia kabla ya kipimo!"

Wale wa zamu walipiga makofi. Fundi alitoka nje.

Alikwenda ofisi ya usalama. Yule dada alikwishahamishwa, na boksi la vizibo lilikuwa limewekwa vikombe vya chai. Akaenda nyumbani, akaingia chumba cha kushonea, ambako dirisha sasa lilikuwa halifungwi hata mvua ikinyesha. Viwili vile vya rangi ya chungwa vilikuwa pembeni mwa cherehani, vimefifia, vimejaa pini. Alichomoa pini moja. Sponji ilikuwa imekuwa ngumu, ikamegeka kama mkate wa juzi. Akairudisha pini mahali pake.

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa mtaa wa pili, baina ya kinyozi na fundi wa redio. Muuzaji alikuwa mama mmoja nyuma ya ndoo za misumari.

"Nataka vizibo vya masikio," fundi alisema. "Vya msichana wa kazi ya mitambo."

Mama alivuta droo, akaweka kauntani kipakiti kidogo, akasema kitu.

Fundi alimtazama midomo. Kisha akaweka mkono kwenye kaunta, akasema, "Samahani, mama yangu. Sisikii. Niandikie."

Mama akachana kipande cha boksi la misumari, akatafuta kalamu nyuma ya sikio lake, akaandika, akamgeuzia.

Jozi moja, mia tano.